KANISA LA MKUNAZINI NA FUNDISHO LAKE



Katika siku hii ya yubile twapenda kuwakumbusheni habari za Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, mjini Unguja, maana kuta zake zina neno la kutuambia.

Mahali lilipojengwa palikuwa soko la watumwa. Mwezi wa Juni, 1873, Seyyid Barghash alikubali mkataba wa kulifunga, na siku ya Noeli mwaka ule ule jiwe la msingi likawekwa. Noeli ya mwaka 1877 watu wakasali ndani yake. Aliyesimamia kazi ni Askofu Edward Steere, mfasiri wa Maandiko kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Waalimu, mkiwapeleka watoto huko, waonyesheni dari. Nyumba za kale za mji ule zimelazwa boriti za mikoko, na upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Bali Askofu aliliezeka kanisa kwa tao moja pana la matumbawe yaliyopondwa na saruji, pasipo boriti. Wengi walidhani litaanguka, halikuanguka.

Kisha waonyesheni nguzo za upande wa magharibi. Yasimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha kichwa chini Askofu alipokuwa hayupo. Naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Na mbele ya altare pana duara la marumaru nyeupe: hapo, wazee wasema, ulikuwapo mti walipofungwa watumwa, wakapigwa mijeledi.

Lakini tusijisifu upesi. Soko lilifungwa mwaka 1873, bali amri ya kuuondoa utumwa Unguja ilitoka mwaka 1897, na masuria hawakuingizwa katika amri hiyo hata mwaka 1909. Basi kwa miaka mingi watu walisali Mkunazini, na nje ya mlango wakapita wenzao waliohesabiwa kuwa mali. Kuta zilikwisha kabla ya kazi kwisha.

Nasi leo twahesabu miaka ya makanisa yetu. Tuhesabu pia mtumishi asiyelipwa ujira wake, na mtoto aliyetolewa shuleni akafanye kazi katika nyumba ya mtu. Kama wamo nyumbani mwetu, yubile yetu haijatimia. Twende tukaitimize.