Chumvi ya Dandi



Mara nyingi tutajapo uasi wa amani, twaulizwa: ni mkoloni gani aliyewahi kuondoka kwa kuombwa? Tungependa kulijibu swali hilo kwa habari ya chumvi, kwani wanaouliza hudhani kwamba kuasi kwa amani ni kuomba.

Mwaka 1930 sheria ya Waingereza ilimkataza Mhindi kujitengenezea chumvi, hata yule aliyezaliwa ufuoni. Ilimpasa ainunue pamoja na kodi yake. Tarehe 2 Machi Gandhi alimwandikia Lord Irwin, mwakilishi wa Mfalme, akimweleza waziwazi kwamba ataivunja sheria hiyo. Baadhi ya wenzake katika chama cha Congress walishangaa: taifa zima ladai uhuru, naye ataja chumvi ya mboga! Lakini kodi ile ilimgusa hata mkulima asiyejua kusoma.

Tarehe 12 Machi aliondoka Sabarmati na wafuasi 78, wakatembea yapata kilomita 385 hadi Dandi. Asubuhi ya 6 Aprili akaokota donge la tope lenye chumvi. Basi, sheria ikawa imevunjwa. Mwezi mmoja baadaye alikamatwa usiku, usingizini.

Penye uzito ni Dharasana, tarehe 21 Mei. Sarojini Naidu, mshairi, aliwaongoza watu wapatao 2,500 kuelekea viwanda vya chumvi vya serikali. Walikwenda safu kwa safu. Askari waliwapiga vichwani kwa virungu vyenye ncha za chuma, wala hawakuinua mikono hata kujikinga. Walioanguka walibebwa kwa machela, na safu ya pili ikasogea. Mwandishi Mmarekani, Webb Miller, aliyashuhudia hayo, na habari zake zikasomwa ulimwenguni. Wale miongoni mwetu waiitao njia hii ya waoga, tunawaomba waitafakari safu ile ya pili, ambayo ilikwisha kuona.

Nidhamu hiyo haikuzuka tu. Mwaka 1922, huko Chauri Chaura, umati uliopigwa risasi ulikiteketeza kituo cha polisi, wakafa askari zaidi ya 20. Gandhi alisimamisha kampeni nzima, wenzake waliokuwa gerezani wakamlaumu vikali. Pengine nasi tungalimlaumu.

Wala tusidanganyane. Mapatano ya Machi 1931 hayakuifuta kodi. Wakazi wa karibu na chumvi waliruhusiwa tu kuichukua kwa matumizi ya nyumbani au kuiuza vijijini mwao, na uhuru ulikuja 1947. Lakini Irwin, ambaye serikali yake ilikuwa imewafunga watu zaidi ya 60,000, alilazimika kuketi na mtu aliyekuwa mfungwa wake, wakajadiliana.