Siku Moja Kyela



Mmetutaka tuwape habari za safari yetu. Twazitoa pamoja na kosa letu.

Tulikuwa na siku moja tu ya kungoja meli. Tuliondoka Mbeya alfajiri, tukapita Tukuyu, mji ambao Wadachi waliuita Neu Langenburg, penye chai na migomba. Kisha barabara ikatelemka hadi tambarare ya Kyela, joto likazidi, na mashamba ya mpunga yakaenea pande zote. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Sokoni tulikuta vyungu vya Wakisi wa Ikombe, vyembamba na imara. Pwani tulilitazama Ziwa Nyasa, la tatu kwa ukubwa katika Afrika, ambalo kina chake chafika yapata mita 700. Na upande wa mashariki Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta.

Adhuhuri tuliandaliwa wali wa Kyela, ambao harufu yake ilitangulia sahani, na samaki aitwaye mbasa, tumboni amejaa mayai. Tulimsifu mno, tukaagiza wa pili, tukisisitiza naye awe na mayai.

Alasiri, huko Bujonde, tulimwamkia mzee mmoja mvuvi, "Mwagonile, baba," tukamsimulia utamu ule. Hakucheka. Alisema: "Wanangu, mbasa hukaa ziwani, lakini mvua ikija hupanda mito kutaga. Akitegwa mlangoni pa mto, hufa yeye na kizazi chake. Zamani tulipata wengi, sasa twahesabu. Nanyi wenye mshahara ndio mnaoulizia wenye mayai. Mvuvi huleta anachoulizwa."

Tulinyamaza. Maana baadhi yetu hupiga chapa matangazo ya kuhifadhi samaki, tukayabandika ukutani, kisha saa ya chakula tukayasahau.

Wenzetu, hatusemi msiende Kyela. Nendeni, mle wali, ndizi na dagaa, mnunue vyungu. Lakini wakati wa mvua msiulizie mbasa mwenye mayai, hata mkiwa wageni wa kupita. Mgeni hupita, ila mwenyeji hubaki na mto mtupu.

Tulipoagana tulimwambia mzee, "Ndaga fijo."