Hotuba juu ya Kuwafundisha Watoto Wetu Jiografia



Twashukuru kwa kupewa nafasi ya kusema machache juu ya jiografia, somo ambalo kamati yetu ya elimu imelitazama mwaka huu katika madarasa ya watoto wa miaka 12 hadi 15.

Tulizuru darasa moja huko Ukambani, karibu na Mto Athi. Watoto walitaja upesi mito mikubwa ya Ulaya na Marekani. Tulipowauliza maji yapitayo chini ya shule yao yaenda wapi, wakanyamaza. Mmoja akajibu, "Yaenda kule chini." Hatukumcheka, kwa maana nasi tulipokuwa wa umri wake tulifundishwa vivyo hivyo, wala tusingalijibu vizuri zaidi.

Jibu lenyewe ni hili. Athi hupokea maji ya Mto Nairobi, hupita kando ya nyanda za juu za Yatta, hukutana na Mto Tsavo, na tangu hapo huitwa Galana. Ukaribiapo pwani huitwa Sabaki, nao huingia Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Ni mto mmoja wenye majina matatu, wa pili kwa urefu katika Kenya baada ya Tana. Mvua kubwa zinyeshapo bara, bahari ya Malindi hugeuka rangi. Wekundu ule ni udongo wa mashamba, na yetu yamo. Tena huko Baricho, kando ya mto uo huo, viko visima viwapavyo maji watu wa Malindi na Mombasa.

Kwa hiyo twapendekeza mwalimu aanze na vitu viwili visivyo na gharama. Kwanza, mkebe uwekwe uani mahali peupe, na mvua ipimwe kwa rula kila asubuhi na kuandikwa. Pili, baada ya mvua, watoto wajaze chupa mbili maji yatiririkayo, moja chini ya shamba lenye matuta na moja chini ya shamba lisilo na matuta. Wakiziacha zitulie usiku kucha, asubuhi watapima udongo uliotuama na kujionea tofauti kwa macho yao.

Ndipo ramani ije: ya shule kwanza, kisha ya kaunti, ya Kenya, na mwisho ya dunia. Hapo hata mito ya mbali itaeleweka.

Mabibi na mabwana, twaomba nusu ya fedha zilizotengwa kwa karamu ya mwisho wa mwaka zinunue ramani za ukutani kwa shule zetu. Twajua ombi hili si tamu kwa wote; hata katika kamati hatukuwa na kauli moja. Lakini karamu ni ya usiku mmoja, na udongo ukishafika Malindi haurudi.