Usiku wa Eleusis



Sisi tuvuao viatu mlangoni hatuwezi kuwashangaa watu wa Eleusis, katika Ugiriki ya kale. Kila mwaka, yapata mwezi wa Septemba, walioingia siri za mungu-mke Demeter na binti yake Persephone walitoka Athens kwa miguu, kilomita zipatazo 20, wakiwa wamefunga na kuoga baharini. Mtumwa alikwenda pamoja na mwungwana. Waliozuiwa ni wauaji na wasiojua Kigiriki. Usiku walijaa ukumbini kwa maelfu, gizani, wakikizunguka chumba kidogo alichokiingia kuhani mkuu peke yake. Kisha mwanga ukatoka. Walichoonyeshwa hakikusimuliwa, maana adhabu ya kukitangaza ilikuwa kifo.

Mhindi mmoja aliingizwa katika siri hizo, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mwanahistoria Cassius Dio amwita Zarmarus. Baada ya ibada alijitupa motoni akiwa hai. Lakini Dio aongeza neno linalotusumbua kuliko moto ule: yasemekana ibada ilifanywa nje ya majira yake, kwa ajili ya Kaisari Augustus. Ukumbi ulikuwa ule ule, na mwanga bila shaka ule ule. Je, usiku ulikuwa ule?

Twauliza kwa sababu hata sisi tumekwisha kuombwa, na kwa nia njema, tuusogeze mkesha wa Shivaratri hadi Jumamosi ili wafanyao kazi wahudhurie. Kikao kilinyamaza muda mrefu.