Konokono wa Mwambani na Maana ya Kufunga

Bismillahir Rahmanir Rahim. Tunamhimidi Mola wetu, na tunamswalia Mtume wetu Muhammad, yeye na aali zake na sahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, waliokulia Unguja au Mombasa wanaijua miamba ya pwani, ile ya matumbawe yenye ncha kali. Juu yake kabisa, mahali ambapo maji hufika wakati wa bamvua tu, huishi konokono wadogo wa jamii ya litorina, wengi wao wasiofika sentimita 2. Jua la adhuhuri huwapiga, na bahari wanayoihitaji iko chini yao, haiwafikii.

Konokono huyu hufanyaje? Huuvuta mguu wake ndani, huufunga mlango wake kwa kifuniko kigumu, na huugandisha ukingo wa gamba lake kwenye jiwe kwa ute unaokauka. Hivyo ni sehemu ndogo tu ya gamba inayogusa jiwe la moto, na unyevu wa ndani haupotei upesi. Huweza kukaa hivyo siku nyingi. Tena ana ulimi wenye safu za meno madogo mno, wa kukwangulia mwani juu ya mawe. Ulimi huo nao hubaki nyuma ya mlango.

Lugha yetu imetupa neno moja kwa mambo mawili: kufunga mlango na kufunga Ramadhani. Nami nakiri mbele yenu. Ramadhani iliyopita, mchana, nikiwa nimechoka na kazi, mdogo wangu alinipigia simu kutoka nyumbani kuomba msaada wa ada ya mwanawe. Tumbo langu lilikuwa limefungwa, lakini ulimi ulikuwa wazi, na meno yake yalimkwangua. Hakunipigia tena. Siku ya Idi ndipo nilipompigia mimi, nikamtaka radhi.

Konokono hafungi milele. Bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Wimbi likimrowesha, hufungua mlango akatoka kutafuta riziki. Nasi vivyo hivyo: tuufunge ulimi wakati wa hasira, tuufungue mkono wakati wa haja.

Basi kabla ya adhana ya magharibi leo, kila mmoja wetu amkumbuke aliyemjibu vibaya, ampigie simu. Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.