Setilaiti Haikeshi kwa Niaba ya Mtu



Mwezi Juni 2016 kipande kikubwa cha bawa la ndege kiliokotwa ufukoni katika kisiwa cha Pemba. Mwezi Septemba mwaka huo wachunguzi wa Australia walithibitisha kuwa ni kipande cha ndege ya Malaysia, safari MH370, iliyopotea tarehe 8 Machi 2014 ikitoka Kuala Lumpur kwenda Beijing na watu 239. Wakati kipande hicho kinaokotwa, meli zilikuwa bado zikipekua sakafu ya bahari magharibi ya Australia. Eneo la kilomita za mraba 120,000 lilipekuliwa, na Januari 2017 kazi hiyo ikasimamishwa bila ya ndege kuonekana.

Watu wengi walishangaa. Yawezekanaje ndege kubwa namna ile ipotee katika zama hizi za setilaiti? Mshangao huo ulitokana na dhana kwamba kila ndege iliyo angani huonekana wakati wote. Sivyo ilivyokuwa. Rada husimama nchi kavu, na nguvu zake aghalabu hukoma kilomita mia nne hivi kutoka ufukoni. Zaidi ya hapo, juu ya bahari kuu, majangwa na ncha za dunia, waongozaji wa ndege walitegemea taarifa za marubani wenyewe, zilizotolewa kwa vipindi.

Setilaiti iliyohusika na ndege ile haikuwekwa angani ili kufuatilia ndege, bali kupitisha mawasiliano. Kila baada ya muda wa saa moja hivi mtambo wa nchi kavu uliuliza, kwa kupitia setilaiti, kama chombo cha ndege kingali hewani, nacho kikajibu. Jibu la mwisho lilipokewa saa 2:19 asubuhi, karibu saa saba baada ya ndege kutoweka katika rada za kiraia. Kwa kupima muda ambao majibu hayo yalichukua safarini, wataalamu walijua umbali uliokuwapo baina ya setilaiti na ndege, lakini si mahali penyewe. Walichopata ni mstari mrefu wa upinde juu ya Bahari ya Hindi.

Msiba huo uliyaamsha mataifa. Novemba 2015, mjini Geneva, mkutano wa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulitenga masafa ya redio ili setilaiti ziweze kupokea taarifa ambazo ndege hujitangazia zenyewe: jina, mahali, kimo na mwendo. Baina ya Januari 2017 na Januari 2019 kundi jipya la setilaiti lilirushwa, ambapo 66 kati yake hufanya kazi kwa pamoja kwenye kimo cha kilomita 780 hivi, zikiwa na vipokezi vya taarifa hizo. Mwaka 2019 waongozaji wa Uingereza na Kanada walianza kuzitumia juu ya Atlantiki ya Kaskazini. Nalo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga liliweka kanuni, iliyoanza Novemba 2018, kwamba mashirika ya ndege yajue mahali zilipo ndege zao kubwa juu ya bahari kuu angalau kila dakika 15.

Hayo ni maendeleo makubwa, na yanastahili sifa. Lakini yapasa ieleweke kuwa setilaiti hizo hazioni ndege, huisikia tu. Ndege isiyojitangaza, ama kwa hitilafu ama kwa mkono wa mtu, haisikiki. Na hata inaposikika, hapana budi awepo mtu wa kuuliza pale sauti inapokatika.

Hapo ndipo penye fundisho zito la usiku ule. Ndege ilitoweka katika rada saa 7:21 usiku, mpakani hasa pa anga ya Malaysia na ya Vietnam, pale upande mmoja ulipokuwa umekwisha kuaga na mwingine haujapokea. Zaidi ya robo saa ilipita kabla ya upande wa pili kuuliza. Kisha ofisi ya shirika lenye ndege ikaeleza kuwa ndege imo katika anga ya Kambodia, kwa sababu mtambo wake uliionyesha huko. Baadaye ikabainika kwamba alama ile ilikuwa ya makadirio tu: ilionyesha mahali ndege ilipotarajiwa kuwa, wala si mahali ilipokuwa. Kituo cha kuratibu uokoaji hakikuanza kazi hadi saa 11:30 alfajiri, saa nne na zaidi baada ya ndege kutoweka.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Usiku ule chombo kilikuwa na walinzi wawili, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliye macho.

Fundisho hili halikomei kwa waongozaji wa ndege. Daftari la bohari laweza kuonyesha kuwa dawa zipo, ilhali rafu ni tupu. Orodha ya mahudhurio yaweza kumtaja mwanafunzi ambaye hajaonekana darasani kwa wiki tatu. Faili laweza kutoka ofisi moja na lisifike ofisi ya pili, na pande zote mbili zikalala usingizi kwa kuwa kila moja imekwisha kutia sahihi. Mtumishi mwaminifu ni yule anayeuliza mapema: aliyetarajiwa kufika, amefika kweli?

Setilaiti zimeondoa udhuru wa umbali. Udhuru wa uzembe utaondolewa na watu wenyewe.