Nanga Nne Katika Ukungu

Somo: Matendo ya Mitume 27:9–44

Leo tunataka kuzungumza juu ya safari, hasa zile safari za usiku ambazo wengi wetu huzifanya bila kuzifikiri sana.

Sisi tukaao Kisian twaijua njia panda yetu. Hapa barabara itokayo Kisumu hugawanyika, moja ikaelekea Maseno na Busia, nyingine ikashika njia ya Bondo. Malori hupita mchana na usiku, na kando yake wamo watoto waendao shule, kina mama watokao sokoni na vijana wa bodaboda. Huku karibu na ziwa kinachotuzibia macho mara nyingi ni mvua. Wingu jeusi hupanda jioni, na mara mvua hushuka kwa nguvu hata waipa za gari zikashindwa kukisafisha kioo.

Lakini ndugu zetu wengi wanaishi Nairobi na Nakuru. Msiba ukitokea nyumbani, husafiri usiku kucha ili wawahi mazishi siku ya Jumamosi. Nao hupita nchi ya ukungu: Limuru, Kinungi, Mau Summit, Londiani, mpaka Kericho. Kisumu iko kama meta 1,130 juu ya usawa wa bahari, na huko Limuru na Mau Summit ni zaidi ya meta 2,000. Hewa yenye unyevu ipandapo milima hiyo hupoa, na maji yaliyomo ndani yake hugeuka kuwa matone madogo mno yasiyoweza kuanguka. Ukungu ni wingu lililoketi juu ya barabara.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa pamoja na waombolezaji waliokodi basi dogo kutoka Nairobi kuja nyumbani. Kabla ya kuondoka tulisimama tukaomba, tukamkabidhi Mungu dereva, gari na abiria wote. Karibu na Mau Summit, yapata saa nane za usiku, ukungu ukatufunika. Dereva alipunguza mwendo, akaenda polepole sana, kisha akaingia katika kituo cha mafuta na kuzima injini. Akasema, "Wazee wangu, barabara siioni. Tutangoja."

Manung'uniko yakaanza. Mama mmoja aliuliza ni nani atakayeupokea mwili wa marehemu. Kijana mmoja akapaza sauti, "Dereva, twende tu! Si tumeshaomba?" Na sisi tulioiongoza ile sala tulinyamaza. Ndugu zangu, tuseme kweli: mioyoni mwetu tulikuwa upande wa yule kijana.

Sasa tulitazame somo letu. Paulo alikuwa mfungwa, akipelekwa Rumi katika merikebu yenye watu 276. Walipofika mahali paitwapo Bandari Nzuri, aliwaonya kwamba majira ya kusafiri yamepita na kwamba mbele kuna hasara. Lakini akida Yulio aliwasikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu. Tena wengi walitaka kuendelea, kwa kuwa bandari ile haikufaa kukaa wakati wa baridi. Upepo laini wa kusini ulipovuma kidogo, wakadhani mambo yamekuwa mema, wakang'oa nanga. Haukupita muda mrefu, tufani ikawashika. Siku nyingi hawakuona jua wala nyota.

Je, hatuioni safari yetu humo? Yuko mwenye gari anayetaka gari lirudi mapema lichukue wengine. Wako abiria walio wengi, ambao hawapendi kukaa mahali pasipo pazuri. Yuko na mmoja anayeonya, naye hana cheo cha kusikilizwa.

Usiku wa kumi na nne mabaharia walihisi kwamba nchi kavu iko karibu. Wakapima kina cha maji, wakapata pima 20. Wakaenda mbele kidogo, wakapima tena, wakapata pima 15. Wakaogopa miamba wasiyoiona, wakashusha nanga nne upande wa nyuma, wakangoja mapambazuko kwa hamu kubwa.

Hapa ndipo tunapoomba msikilize kwa makini. Kabla ya nanga zile kushuka, Paulo alikuwa amekwisha kupewa ahadi na malaika wa Mungu kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea. Ahadi ilikuwa imetolewa, na Paulo aliiamini. Hata hivyo hatusomi kwamba aliwaambia mabaharia, "Acheni nanga, twendeni gizani, kwa maana Mungu ameahidi." Nanga zilishuka, na Paulo hakuzipinga. Tena mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua, yeye ndiye aliyesema kwamba wasipobaki merikebuni watu hawataokoka. Imani ya Paulo haikuidharau kazi ya mikono wala busara ya macho. Sala ya safari ni sala ya kuomba hekima. Anayeomba kisha akaenda kasi asikoona anamjaribu Bwana Mungu wake.

Tufanye hesabu ndogo. Mwendo wa kilometa 80 kwa saa ndio kikomo kilichowekwa na sheria ya Kenya kwa mabasi na matatu. Kwa mwendo huo gari hupita kama meta 22 kwa kila sekunde. Ikiwa ukungu unamruhusu dereva kuona meta 30 tu, basi lori lililokwama mbele yake litamfikia kwa muda usiozidi sekunde moja na nusu. Sekunde moja huisha kabla mguu haujafika kwenye breki. Yale matawi tunayoyatandaza barabarani nyuma ya gari bovu hayatamwokoa, kwa maana atayaona akiwa amekwisha kuyakanyaga.

Tena ukungu hudanganya. Ukiwasha taa kali, yale matone huurudisha mwanga machoni pako, nawe huona ukuta mweupe. Taa za chini ndizo zinazofaa. Tena, kwa kuwa huoni miti wala nyumba zikipita pembeni, waweza kudhani unakwenda polepole, kumbe mwendo ni mkubwa. Kwa hiyo mwendo usizidi umbali ambao macho yanaona. Macho yakikataa kabisa, toka barabarani kabisa, uingie kituoni au mahali pengine palipo salama. Usisimame katikati ya njia, usije ukawa mwamba wa kuvunja merikebu ya mwingine.

Lakini neno letu leo si kwa madereva peke yao. Makanisa yetu hukodi magari kwa mazishi, kwa mikutano na kwa arusi. Basi, mwenyekiti wa safari amwambie dereva mbele ya wote, kabla ya kuondoka, "Usipoona njia, simama. Hatutakulaumu." Sisi wachungaji tusipange ibada ya mazishi mapema kiasi cha kuwalazimisha watu kukimbia usiku. Na wafiwa wasimhesabie ndugu yao dhambi akichelewa. Marehemu hataudhika kwa kungoja saa mbili. Ni huzuni kubwa kaburi moja likizaa makaburi mengine.

Usiku ule tulingoja mpaka kulipopambazuka. Tulifika nyumbani tumechelewa, nao watu wa boma walikuwa wametungoja, na mazishi yakafanyika. Baadaye wengine walisema kwamba tulingoja bure, kwa kuwa njiani hatukuona ajali yoyote. Sisi hatujui tungekutana na nini katika ule ukungu. Hiyo ndiyo maana ya kutoona. Tunajua tu kwamba yule dereva alishusha nanga yake peke yake, na hakuna aliyemshukuru. Tulimshukuru sisi baadaye, na tuliona aibu.

Merikebu ya Paulo ilivunjika, na shehena ikapotea, lakini watu wote 276 walifika pwani salama. Mali inaweza kupotea, na saa zinaweza kupotea. Watu wafike.

Tuombe. Ee Bwana Mungu, mlinzi wa wasafiri, uwape madereva wetu macho ya kuona na moyo wa kusimama wasipoona. Utusamehe sisi abiria kwa haraka yetu na kwa kunyamaza kwetu. Uwafariji wote waliopoteza wapendwa wao barabarani. Utufundishe kukutumaini wewe pasipo kukujaribu, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.